David Sheldrick: Mlinzi wa ndovu wa Tsavo aliyewanyang'anya Waata upinde wao

WAKENYA wengi wakilisikia jina la Sheldrick, huwajia akilini watoto wa ndovu waliofiwa na mama zao, wakinyweshwa maziwa kwa chupa kandokando ya Mbuga ya Nairobi. Kazi hiyo ilikuwa ya Daphne Sheldrick, aliyeaga dunia mwaka wa 2018. Shirika aliloliasisi mwaka wa 1977 alilipa jina la marehemu mumewe, David, na ni huyo mume ambaye habari zake hazisimuliwi mara nyingi, hasa zile zinazohusu watu na wala si wanyama.

Kwa takriban miaka 28, David Leslie William Sheldrick alikuwa msimamizi wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Katika muda huo alipasua barabara katika nyika isiyokuwa na njia, akachimbia wanyama maji, akalea ndovu na vifaru yatima. Aliongoza pia msako uliokomesha uwindaji wa jadi wa jamii ndogo ya Waata. Vitabu vya watalii humkumbuka kwa hayo ya kwanza. Katika vijiji vya mashariki mwa mbuga hiyo, kumbukumbu ni ya hilo la mwisho.

Sheldrick alizaliwa mjini Alexandria, nchini Misri, mwaka wa 1919. Babake alikuwa mwanajeshi wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, na baada ya vita hivyo aliileta familia yake nchini Kenya kulima kahawa huko Mweiga, karibu na Nyeri. Kijana huyo alipelekwa Uingereza kusoma, kisha akarejea. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, alijiunga na kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita Keya, akapigana Uhabeshi na Burma. Alitoka vitani akiwa na cheo cha meja.

Baada ya vita alifanya kazi ambayo wengi wanaomsifu leo huipita haraka. Alikuwa mwindaji wa kulipwa, akiwaongoza wageni matajiri nyikani kuwapiga wanyama risasi kwa ajili ya pembe na ngozi za kutundika ukutani. Kazi hiyo ilikuwa halali. Mgeni alinunua leseni, akaua ndovu wake, akapiga picha, akaenda zake. Mtu wa nyika ambaye babu yake na babu wa babu yake walikula nyama ya ndovu huyo huyo hakuwa na pesa za leseni, na kwa hivyo sheria ilimwita mwizi. Tofauti hiyo haikubuniwa na Sheldrick, aliikuta. Hata hivyo, ndiyo iliyoitawala kazi yake yote iliyofuata.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa rasmi Aprili 1, 1948. Ikiwa na zaidi ya kilomita 20,000 mraba, ilikuwa kubwa kuliko mbuga nyingine yoyote nchini na ingali hivyo. Kwa urahisi wa usimamizi iligawanywa mara mbili, reli na barabara ya kwenda Mombasa vikipita katikati. Sheldrick alipewa sehemu ya mashariki, makao yake yakiwa Voi. Hakukuta nyumba, wala barabara, wala kisima cha kutegemewa. Ilikuwa nyika ya miiba, udongo mwekundu na jua kali, na serikali ya kikoloni iliichagua kwa sababu walowezi hawakuitaka. Kulikuwa na mbung'o waliowaua ng'ombe, na maji yalikuwa haba. Maafisa wa Nairobi walipoitazama ramani waliona mahali patupu.

Ramani yenyewe ilikuwa ikiwasuta. Mto unaoikata mbuga hiyo unaitwa Galana, neno la Kioromo linalomaanisha mto. Kipo kilima kinachoitwa Dakadima, yaani mwamba mwekundu, katika lugha iyo hiyo. Mahali pasipo na watu hapana majina. Waliopaita hivyo ni Waorma waliochunga huko na Waata waliowinda huko, ambao lugha zao ni ndugu wa Kioromo. Kwa upande wa magharibi na kaskazini walikuwapo Wataita na Wakamba, nao walikuwa na njia zao za kuingia nyikani kutafuta asali, malisho na nyama. Hadi leo Wataita hulalamika kwamba zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita-Taveta imo ndani ya mipaka ya mbuga hizo mbili.

Walioathirika kuliko wote ni Waata, ambao katika maandishi ya kikoloni huitwa Waliangulu. Walikuwa watu wachache, wasiokuwa na mifugo wala mashamba ya kutajika. Riziki yao ilikuwa nyikani, na kileleni mwa riziki hiyo alikuwa ndovu. Upinde wao ulikuwa mrefu na mgumu ajabu, na kuuvuta kulihitaji nguvu za kuinua uzito unaozidi kilo 50. Wazungu walioupima walikiri kwamba ulizishinda pinde zilizosifika za Waingereza wa kale. Mshale ulipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa nyikani, ambayo mafundi wake wakubwa walikuwa Wagiriama, kisha ukafungwa ngozi laini ili sumu isikauke. Mwindaji alinyemelea hadi hatua chache tu kutoka kwa mnyama, akalenga tumboni. Sumu ikiwa mbichi, ndovu hakufika mbali.

Si kwamba Waata waliishi peponi na wanyama wao. Pembe za ndovu ziliwahi kuwa bidhaa ya Pwani kwa karne nyingi, na kufikia miaka ya hamsini, biashara hiyo ilikuwa imenoga. Wafanyabiashara wa mjini walinunua pembe kwa bei duni kutoka kwa mwindaji, wakaziuza ng'ambo kwa bei ya juu mno. Mwindaji aliyehatarisha uhai wake alibaki na shilingi chache, nguo na tumbaku. Kadiri mahitaji yalivyozidi ndivyo ndovu wengi zaidi walivyoangushwa. Askari wa Sheldrick walipozunguka mbuga walikuta mizoga kila upande, mingine ikiwa imeng'olewa pembe na nyama ikaachwa ioze.

Miaka ya kwanza, mkuu huyo wa mbuga hakuwa na la kufanya. Askari wake walikuwa wachache, na mwindaji wa Kiwaata akiwa kichakani hakamatiki. Anajua kila kidimbwi na anaweza kutembea usiku kucha bila maji. Kumfuata kwa gari ni kazi bure, na kumfuata kwa miguu ni kujitafutia kifo cha kiu.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa mwaka wa 1956, serikali ilipokubali kuanzisha msako mkubwa. Sheldrick aliunda kikosi maalumu cha nyikani, na wengi wa askari wake aliwaandika kutoka jamii za kaskazini mwa nchi, watu waliozoea ukame na wasiokuwa na undugu na wawindaji. Hilo lilikuwa jambo la kimakusudi. Askari wa Kitaita au Kigiriama angeweza kumfumbia macho shemeji yake, lakini askari wa Kiturkana hakuwa na shemeji katika vijiji hivyo. Mtu anaweza kuusifu ujanja huo. Anaweza pia kuuliza jirani wa mbuga alijifunza nini kuhusu serikali, pale alipoona kwamba inayemtuma kwake kila mara ni mgeni mwenye bunduki asiyejua lugha yake. Uhasama ulioota wakati huo kati ya magwanda na vijiji haukufa na ukoloni.

Msaidizi wake mkuu alikuwa Bill Woodley, kijana aliyekuwa ametoka kupigana na Mau Mau katika misitu ya kati. Kutoka vita hivyo alileta mbinu za upelelezi, na hapo ndipo msako ulipopata nguvu. Badala ya kuwafukuza wawindaji kichakani, walianza kuwasoma. Kila mwindaji aliyetajwa na mwenzake aliandikiwa kadi yake, penye jina lake, kijiji chake, ndugu zake na mahali alipopenda kuwinda. Zaidi ya hayo, waligundua kwamba kila mtu huiwekea mishale yake alama, ili kusiwe na ugomvi kuhusu mwenye pembe pindi ndovu anapoanguka mbali. Alama hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya haki miongoni mwao, sasa iligeuka kuwa ushahidi. Mshale uliookotwa kwenye mzoga ulikuwa sawa na barua iliyotiwa sahihi.

Wakishajua jina, waliingia vijijini usiku au alfajiri na kumchukua mtu kitandani. Aliyekamatwa alihojiwa, akataja wengine, na wengine wakataja wengine. Hata mashujaa waliosifika, kama Galogalo Kafonde aliyesakwa kwa muda mrefu, hawakuwa tena na pa kujificha. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1957, mamia ya wawindaji walikuwa wamefikishwa mahakamani na pembe nyingi kunaswa. Katika jamii ndogo kama ile, hiyo ilikuwa na maana kwamba karibu kila boma lilikuwa na mtu gerezani.

Wafanyabiashara walionunua pembe hawakupatwa na shida ya kadiri hiyo. Baadhi walishtakiwa, lakini waliojaa magerezani walikuwa wale waliovuta upinde.

Ni hapa tabia ya Sheldrick inapostahili kuangaliwa kwa makini, kwani hakuwa mtu wa kushangilia ushindi tu. Katika miezi ya mahojiano, yeye na Woodley walikuja kuwajua watu hawa kwa majina, wakawaheshimu kwa ustadi wao na kwa ukweli wao. Mwindaji wa Kiwaata akishakamatwa alieleza idadi ya ndovu aliowaua bila kuficha, kwa maana hakuona aibu katika kazi ya baba yake. Wakuu hao waliona wazi kwamba watu waliozuiwa kuwinda, wasiokuwa na ng'ombe wala shamba, wamefungiwa mlango wa riziki. Kuwatoa gerezani na kuwarejesha katika njaa ile ile ni kuwaita tena mbugani.

Ndipo likazuka wazo ambalo kwa wakati wake lilikuwa la ajabu. Mashariki mwa mbuga kulikuwa na eneo kubwa kandokando ya Galana, zaidi ya kilomita 7,000 mraba, ambalo halikuwa mbuga. Ilipendekezwa kwamba Waata waruhusiwe kuwinda humo kihalali, kwa idadi iliyopangwa, na nyama na pembe ziuzwe kwa faida yao. Mbuga ingepata jirani rafiki, na jirani angekuwa na sababu ya kuwalinda ndovu wasiishe. Wakfu wa Nuffield wa Uingereza ulitoa fedha, na mwaka wa 1960 Mradi wa Galana ukaanza chini ya afisa kijana, Ian Parker.

Mradi huo ulikufa polepole, na sababu zake zafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia leo kuwashirikisha wananchi katika uhifadhi. Kwanza, sheria haikupenda mshale wa sumu, hivyo ndovu waliuawa kwa risasi na upinde ukakosa kazi. Pili, pembe zilikuwa mali ya serikali na mapato yake yalielekea kwenye hazina ya serikali. Kwa hiyo mtu aliyeahidiwa kuwa mwenye mradi alijikuta kibarua wa mshahara, akichuna ngozi na kukausha nyama aliyoangusha mwingine. Baada ya Uhuru eneo hilo lilikodishwa, na katika nusu ya pili ya miaka ya sitini likageuzwa ranchi ya kibiashara yenye ng'ombe. Baadhi ya Waata walipata kazi ya kufuata nyayo. Wengine walijaribu kulima mahindi katika ardhi ambayo mvua huipita.

Lawama hapa haziwezi kutupwa zote mlangoni kwa Sheldrick. Mradi haukuwa mikononi mwake, na yeye alikuwa na mbuga ya kuendesha. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba nguvu za dola zilipatikana kwa haraka ilipokuwa kukamata, zikapungua ilipokuwa kulipa.

Kwa upande wa mbuga, mambo yalishamiri. Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka wa 1952, lilivuta wanyama na watalii. Mwaka wa 1960 Sheldrick alimwoa Daphne, na nyumba yao ya Voi ikajaa yatima wa kila aina, akiwemo ndovu jike Eleanor ambaye picha zake zilienea duniani. Ndovu wa Tsavo na viunga vyake waliongezeka wakapita 35,000. Waling'oa miti, mibuyu ikaanguka, vichaka vikawa nyasi.

Hapo ukazuka ubishi mwingine. Mtafiti Mwingereza, Richard Laws, baada ya ndovu 300 kuuawa mwaka wa 1966 kwa ajili ya utafiti, alitaka maelfu zaidi wapunguzwe. Sheldrick alikataa katakata. Aliamini kwamba nyika ina mizunguko yake, kwamba baada ya miti huja nyasi na baada ya nyasi miti, na kwamba binadamu hana haja ya kuingilia. Laws alijiuzulu mwaka wa 1968. Wapo waliosema wakati huo, na Parker alikuwa mmoja wao, kwamba mbuga ilikuwa ikivuna ilichopanda: Waata walipoondolewa, aliondolewa mwindaji ambaye kwa vizazi na vizazi alikuwa sehemu ya nyika hiyo. Hoja hiyo haijaisha hadi leo, na wataalamu wangali wamegawanyika.

Ukame wa mwaka wa 1970 na 1971 ulijibu kwa njia yake wenyewe. Maji yalibaki mtoni, lakini majani yaliyokuwa karibu na maji yalikwisha. Ndovu zaidi ya 5,000 walikufa, wengi wao majike na watoto wao, wasioweza kwenda mbali kutafuta chakula na kurudi kunywa. Sheldrick na askari wake walizunguka wakikusanya pembe. Watu wa vijiji jirani, ambao nao njaa ilikuwa ikiwauma, waliingia vilevile kuokota. Kwao pembe ya ndovu aliyekufa kwa njaa haikuwa ya mtu. Kwa sheria ilikuwa ya serikali, na kuigusa ni kosa.

Bei ya pembe ilikuwa ikipanda duniani wakati huo huo. Walioingia kuokota walijua sasa njia na bei, na baada yao wakaja watu wa aina nyingine: magenge yenye bunduki za kisasa, yasiyokuwa na kijiji cha kuvamiwa alfajiri wala alama kwenye risasi. Kadi za majina hazikusaidia kitu. Safari hii nyuma ya magenge palikuwa na wenye vyeo na fedha, na hata baadhi ya waliovaa magwanda ya serikali walishukiwa. Askari wa Sheldrick waliendelea kupambana, lakini adui wa zamani sasa alionekana kama muungwana.

Mwaka wa 1976 sheria mpya iliunganisha mbuga za kitaifa na idara ya wanyamapori ya serikali. Sheldrick aliondolewa Tsavo, akahamishiwa Nairobi kuongoza kitengo cha mipango. Aliiacha Voi akiwa na umri wa miaka 57, baada ya kuishi huko karibu nusu ya maisha yake. Mei 20, 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote nchini. Mnamo Juni 13 mwaka huo huo, Sheldrick alifariki kwa ugonjwa wa moyo.

Marufuku hiyo haikuwazuia wenye bunduki. Hesabu ya mwaka wa 1988 ilipata ndovu wasiofika 7,000 Tsavo nzima. Ni baada ya kuundwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na kupigwa marufuku kwa biashara ya pembe duniani ambapo idadi ilianza kupanda, na hesabu ya mwaka wa 2021 ilipata takriban 15,000. Kwa Waata, agizo la 1977 lilifunga hata kile kijidirisha ambacho Mradi wa Galana uliwahi kukiacha wazi. Wengi wao sasa ni wakulima wadogo katika kaunti za Kilifi na Tana River. Sheria ya mwaka wa 2013 inampa fidia mkulima aliyeharibiwa mazao na mnyamapori, na familia ya aliyeuawa na ndovu ina haki ya kulipwa Sh5 milioni. Anayepaswa kuitwa ndovu anapoingia shambani usiku ni askari wa wanyamapori, na mwenye shamba humngoja akipiga debe gizani.